Kutwa Moja kwenye Boti Nyembamba za Mifereji ya Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa Waswahili wanaoishi Uingereza, au wageni wao, wanaotaka kukodi boti ya mfereji kwa siku moja, asubuhi hadi jioni, na kuiendesha wenyewe. Mfano unaotumika zaidi hapa ni njia ya Trevor hadi Chirk, kaskazini mwa Wales, lakini mengi ya yaliyoandikwa yanafaa popote.

## Mambo ya msingi

Boti nyembamba ni chombo cha namna gani?

Ni boti ya chuma, bapa chini, yenye upana wa mita 2.1 hivi. Zile ndefu kabisa hukaribia mita 22. Upana huo una sababu: wajenzi wa karne ya 18 waliziwekea loki nyingi za katikati ya Uingereza upana wa futi 7 tu, na chombo kinachozidi hapo hakipiti (loki ni chumba cha maji chenye malango kinachopandisha au kushusha boti; tazama sehemu ya nne). Boti za kukodi kwa kutwa ni fupi kuliko za kulala. Huwa na viti na meza, choo, sinki, na mara nyingi jiko dogo la gesi. Injini ni ya dizeli au ya umeme, na mwendeshaji husimama nyuma, nje, akiwa ameshika kana, yaani mkono wa usukani.

Mifereji hii ilichimbwa kwa ajili gani?

Makaa ya mawe, kwanza kabisa. Mwaka 1761 ulifunguliwa mfereji wa Duke wa Bridgewater, kazi ya fundi James Brindley, wa kupeleka makaa kutoka migodi ya Worsley kuelekea Manchester. Bei ya makaa mjini ilishuka karibu nusu, na matajiri wa kila jimbo wakataka mfereji wao. Hesabu yake ni rahisi kuielewa: farasi mmoja akitembea kandokando ya maji aliweza kuvuta boti yenye shehena ya tani 25 hivi, mzigo ambao barabarani ungehitaji msururu wa mikokoteni. Ukipita chini ya madaraja ya zamani, tazama pembe za mawe au vyuma vyake. Mikwaruzo mirefu unayoiona ililiwa na kamba za farasi hao.

Reli ziliinyang'anya mifereji biashara, kisha malori yakamalizia. Mwaka 1948 mifereji mingi ikawa mali ya taifa, na mingi ilikuwa imejaa matope na magugu. Iliyobaki ilibaki kwa sababu watu wa kawaida waliipigania. Chama cha Inland Waterways Association kiliundwa mwaka 1946, na kwa miongo mingi watu wa kujitolea wamekuwa wakizoa matope na kujenga upya loki kwa mikono yao. Tangu 2012 mifereji mingi ya England na Wales, takriban kilomita 3,200, inatunzwa na shirika la hisani la Canal & River Trust. Anayekodi boti leo anafaidi jasho la watu hao, na ni haki kulitaja.

Je, nahitaji leseni ya kuendesha?

Hapana. Boti yenyewe lazima iwe na leseni na bima, na hayo ni ya mwenye boti. Wewe utafundishwa asubuhi kabla ya kuondoka: kuwasha na kuzima injini, kwenda mbele na nyuma, kufunga kamba. Mafunzo hayo ni mafupi, kwa hiyo sikiliza yote na uliza bila haya. Hakikisheni watu wawili au watatu wameyasikiliza. Asiwe baba wa familia peke yake, ambaye akichoka hakuna wa kumpokea. Kampuni nyingi hutaka anayekodi awe na umri wa miaka 18 au zaidi, nyingine 21.

Sijui kuogelea. Nijiunge?

Jiunge. Sehemu kubwa ya mfereji ina kina cha mita moja hadi moja na nusu, na anayeanguka mara nyingi husimama tu. Lakini kuna mahali ambapo jibu hilo halitoshi: ndani ya loki, karibu na rafadha (panga linalozunguka majini na kuisukuma boti), na kwenye mito inayoungana na mifereji. Omba jaketi okoa mapema, taja uzito wa kila mtoto, na usikubali mtoto akae bila jaketi kwa hoja kwamba maji ni machache.

## Kupanga siku

Tuchague njia gani kwa mara ya kwanza?

Chagueni njia isiyo na loki. Wengi hutamani loki kwa sababu wameziona kwenye picha, lakini siku moja ni fupi, na saa zinazoishia kwenye malango ni saa ambazo hamtakula wala kutazama mnakopita.

Ushauri wangu ni Mfereji wa Llangollen, kutoka Trevor kwenda Chirk. Katika mwendo wa saa mbili hivi mnavuka madaraja mawili ya maji, yaani yanayobeba mfereji wenyewe juu ya bonde, mnapita mahandaki mawili, na hamgusi loki hata moja. Dakika chache tu baada ya kuondoka Trevor mnaingia daraja la Pontcysyllte (lina swali lake hapa chini). Mbele kuna handaki fupi la Whitehouses, kisha handaki la Chirk lenye urefu wa mita 421, na mara tu mnapotoka gizani mnajikuta juu ya daraja la mawe la Chirk la mwaka 1801. Mto Ceiriog unaopita chini yake ndio mpaka, kwa hiyo mnaingia juu ya daraja mkiwa Wales na kutoka mkiwa England. Sambamba na daraja hilo, juu zaidi, kuna daraja la reli, na mkibahatika treni itapita mkiwa katikati.

Kipande hicho kina jambo moja ambalo wageni hawalitarajii: maji yake yanatembea. Mifereji mingi ni kama maji ya birikani, yametulia, lakini huu huchota maji ya mto Dee juu ya mji wa Llangollen na kuyapeleka hadi bwawa la Hurleston, ambako hutumika kwa maji ya kunywa. Kazi hiyo ndiyo iliyouokoa. Sheria ya mwaka 1944 iliufungia usafiri wa boti, lakini mfereji haukufukiwa kwa sababu maji yalihitajika. Kwenu maana yake ni hii: kwenda Chirk mkondo unawasukuma, kurudi Trevor unawapinga, na upinzani huo mtauhisi zaidi ndani ya handaki na juu ya madaraja, ambako njia ni nyembamba. Safari ya kurudi itakula muda mrefu kuliko ya kwenda.

Aliye mbali na Wales ana njia nyingine. Birmingham ina mifereji inayokutana katikati ya mji, Leicester inapitiwa na Grand Union, na London ina Regent's Canal.

Kwa siku moja tutafika umbali gani?

Pangeni kwa saa, sahauni kilomita. Kikomo cha mwendo kwenye mifereji mingi ni maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6.4, na kwa kweli mtakwenda polepole zaidi ya hapo, mwendo wa mtu anayetembea. Kila loki ongezeni dakika 15 hadi 20.

Boti nyingi huchukuliwa saa tatu asubuhi na kurudishwa saa kumi na moja jioni, au kabla. Toeni muda wa mafunzo, toeni muda wa chakula, kisha gawanyeni kilichobaki, sehemu ya kurudi ikiwa kubwa. Saa ya kugeuka ikifika, geukeni hata kama mji mliokusudia unaonekana. Na boti haigeuki popote: ikiwa ndefu kuliko upana wa mfereji lazima ifike mahali palipopanuliwa kwa kazi hiyo. Ramani ya mfereji huonyesha sehemu hizo, na kampuni itawaambia ni ipi inayowafaa. Iwekeeni alama kabla hamjafungua kamba.

Msimu gani ni mzuri?

Aprili hadi Oktoba. Mei na Juni ndiyo miezi ninayoipenda: siku ni ndefu, miti ni mibichi, na watoto wa shule hawajafunguliwa kujaza njia. Wakati wa baridi sehemu nyingi hufungwa kwa matengenezo, na jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Tuwe wangapi, na gharama ikoje?

Boti za kutwa huchukua watu 8 hadi 12. Bei hutozwa kwa boti, si kwa kichwa, kwa hiyo ukoo ukijaa kila mtu hulipa kidogo. Siku za katikati ya wiki ni nafuu kuliko Jumamosi na Jumapili. Ulizeni kama mafuta na bima vimo ndani ya bei, na dhamana ni kiasi gani.

Tuvae nini, tule nini?

Vaeni viatu vya raba visivyoteleza. Anayeshika usukani anasimama nje, hasogei, na hata mwezi Julai atahitaji koti. Wabebeeni wazee shuka au blanketi.

Chakula bora ni kilichopikwa nyumbani: pilau kwenye sufuria iliyofungwa, chapati, kachumbari, matunda. Jiko la botini litumieni kwa chai na kupashia moto tu, dirisha likiwa wazi. Baa za kandokando ya mifereji ni nyingi na zingine hupika vizuri, ila anayekula halali asizitegemee vijijini. Pombe na usukani havichanganywi.

## Mkiwa njiani

Usukani unafanyaje kazi?

Kinyume na gari. Ukisukuma kana kushoto, omo, yaani mbele ya boti, inakwenda kulia. Dakika kumi za kwanza zinachanganya, halafu mkono unazoea. Kilicho kigumu zaidi ni kuchelewa: boti inaitikia baada ya sekunde kadhaa, na anayeanza huongeza kani akidhani haikusikia, kisha chombo kinavuka upande wa pili. Sukuma kidogo, ngoja, tazama omo.

Boti inajizungusha karibu na katikati yake. Mbele ikienda kulia, tezi, yaani nyuma ulikosimama, inatupwa kushoto. Ndiyo maana watu hugonga ukuta kwa nyuma wakati mbele imeshapita salama. Na injini ikiwa kwenye gia huru usukani karibu haufanyi kazi, kwa sababu unahitaji maji yanayosukumwa na rafadha.

Tunasimamaje? Breki iko wapi?

Hakuna breki. Unapunguza mwendo mapema, kisha unatia gia ya nyuma kidogo kidogo. Ukiwa kwenye gia ya nyuma usitegemee usukani. Boti itaelekea inakotaka.

Msizuie boti kwa mguu wala mkono. Boti ya mita 17 hukaribia tani 15 au zaidi, na kati yake na ukuta mfupa hauna nafasi. Pondo, yaani mti mrefu, lipo juu ya paa kwa kazi ya kusukumia, na hata hilo litumike boti ikiwa imesimama. Ikigusa, acha iguse.

Tukikutana na boti nyingine?

Kaeni kulia na mpishane kushoto kwa kushoto, tofauti na barabara za Uingereza. Msikimbilie ukingoni mapema kwa hofu, kwani huko maji ni haba na mtakwama. Shikeni katikati, sogeeni kulia mkikaribiana. Kwenye daraja jembamba aliye karibu zaidi hupita kwanza.

Mkipita boti zilizoegeshwa, punguzeni mwendo hadi injini iwe inapumua tu. Mnapokwenda kasi maji huvutwa, na boti hizo huyumba hadi vigingi vyao hung'oka ardhini. Ndani yake kuna watu wanaoishi humo mwaka mzima, wenye chai mezani na watoto waliolala. Wavuvi wa ndoano nao wapiteni katikati ya mfereji, polepole. Watainua fimbo zao.

Daraja la Pontcysyllte linatisha. Ni salama?

Ni salama, na linatisha kweli. Thomas Telford na William Jessop walilifungua mwaka 1805. Ni hori la chuma lililojaa maji, lenye urefu wa mita 307, lililobebwa na nguzo 18 za mawe mita 38 juu ya mto Dee. Mwaka 2009 liliingizwa, pamoja na kilomita 18 za mfereji, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Limebeba boti kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Upande mmoja kuna njia ya miguu yenye vyuma vya kujishikia. Upande wa pili hakuna kitu: ukingo wa hori umezidi maji kidogo tu, na aliyekaa botini anaona bonde moja kwa moja. Boti haiwezi kutoka, kwa kuwa hori linaibana, lakini mtu anaweza kuanguka. Kwa hiyo watoto wote ndani ya boti, mikono ndani, hakuna mtu juu ya paa wala anayetembea ubavuni. Anayeogopa urefu akae ndani upande wa njia ya miguu, au ashuke avuke kwa miguu na kungojea ng'ambo.

Kabla ya kuingia, hakikisheni hakuna boti inayokuja. Nafasi ni ya moja tu. Mkishaingia nendeni taratibu, na nahodha atazame mbele. Picha zipigwe na wengine.

Ndani ya handaki tufanye nini?

Washeni taa ya mbele, na za ndani pia. Handaki la Chirk limenyooka na ni la boti moja, kwa hiyo mkiona taa ndani, ngojeni nje. Vichwa, mikono na fito za mwavuli vibaki ndani ya mstari wa boti. Matone ya maji ya baridi huanguka kutoka darini; watoto hupiga kelele za furaha, na hakuna ubaya.

Tunaweza kuegesha popote, kwa mfano kwa chakula au sala?

Upande wa njia ya miguu kwa kawaida ndiyo, isipokuwa kwenye kona, chini ya madaraja, kwenye mabomba ya maji, mbele ya loki na mahali pa kugeuzia. Ng'ambo ya pili kwa kawaida ni mali ya watu. Fungeni kamba mbili, ya mbele na ya nyuma, kwenye pete au kwenye vigingi vilivyopigiliwa kwa nyundo.

Kwa Adhuhuri na Alasiri, egesheni kwanza. Kwenye mfereji wenye kona boti hubadilisha uelekeo kila mara, na ubaoni nafasi ni finyu. Kwenye nyasi kando ya njia kuna utulivu. Kutoka Uingereza kibla ni kusini-mashariki. Maji ya udhu chukueni kwenye bomba la boti, si mferejini (sababu iko kwenye swali la mtu kuanguka).

## Loki, kwa watakaokutana nazo

Loki inafanyaje kazi?

Ni chumba chenye malango pande mbili, kinachopandisha au kushusha boti kutoka maji ya ngazi moja hadi nyingine. Hakuna pampu, uzito wa maji ndio unaofanya kila kitu. Mkitaka kupanda, mnaingia chumba kikiwa kimepungua, mnafunga malango ya nyuma, kisha mnatumia mkono wa chuma kuinua vibao vinavyozuia maji ya juu. Maji yanaingia, boti inapanda. Yakishalingana pande zote mbili, lango linafunguka kwa kusukumwa na mgongo. Kabla ya kulingana, hata watu kumi hawalifungui, na hawapaswi kujaribu.

Kila mara loki nyembamba inapotumika, karibu lita laki moja za maji zinashuka kutoka juu. Ndiyo maana mkiona boti inakuja na loki iko tayari kwa ajili yake, mnamngoja apite kwanza.

Hatari kubwa iko wapi?

Kwenye kizingiti, wakati wa kushuka. Chini ya malango ya juu kuna ngazi ya mawe au zege inayojitokeza ndani ya chumba, na maji yakiwa mengi haionekani. Boti ikiwa nyuma mno, tezi hukalia kizingiti huku mbele ikizidi kushuka, na boti inaweza kuzama kwa dakika chache. Ukutani kuna mstari mweupe: kaeni mbele yake mpaka mwisho. Kamba zisifungwe kwa mafundo ndani ya loki. Zishikwe mkononi na kulegezwa. Jambo lolote likienda kombo, shusheni vibao vyote kwanza.

## Mambo yanayotokea mara chache

Tumekwama kwenye matope.

Msiongeze mafuta kwenda mbele. Tieni gia ya nyuma, mrudi mlikotoka. Ikikataa, watu wahamie upande wenye kina na mmoja asukume kwa pondo.

Injini inaunguruma lakini boti haiendi.

Yawezekana rafadha imezongwa na kamba, nguo au mfuko wa plastiki. Juu yake boti nyingi zina mlango mdogo wa kufikia hapo. Zimeni injini, toeni ufunguo na uwekwe mfukoni mwa anayetia mkono. Mlango huo ukirudishwa vibaya boti hujaa maji, kwa hiyo kama kampuni haijawafundisha, pigeni simu.

Mtu ameanguka majini.

Gia huru mara moja, kisha zimeni injini. Msirudi nyuma kumfuata: rafadha iko huko. Mwambieni ajaribu kusimama, mtupieni boya au kamba, na msiruke kumfuata. Akitoka, mvueni nguo zenye maji na mumpashe joto. Maji ya mfereji yanaweza kuwa na vijidudu vya mkojo wa panya vinavyoleta homa ya leptospirosis, kwa hiyo aoge, na mwenye jeraha alifunike. Akipata homa na maumivu ya misuli siku zinazofuata, amweleze daktari kwamba aliingia mferejini. Kuogelea kwa makusudi kumekatazwa.

Tunaweza kuchoma nyama?

Si botini, si juu ya paa. Kando ya mfereji inawezekana pale tu panaporuhusiwa. Sitalilegeza hili: jiko la mkaa, hata linaloonekana limezimika, likiingizwa botini hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, na limekwisha kuua watu nchini humo. Kengele ya hewa hiyo ikilia, tokeni wote nje kwanza, maswali baadaye.

Naweza kuvua samaki?

Mwenye umri wa miaka 13 au zaidi anahitaji leseni ya ndoano, pamoja na ruhusa ya chama kinachomiliki haki ya uvuvi mahali hapo. Kwa kutwa moja haifai usumbufu huo.

Tumechelewa na giza linaingia.

Msikimbize boti. Kwenye mfereji wenye maji haba kuongeza mafuta huinua mawimbi na kuishusha tezi. Mwendo hauongezeki kwa maana. Pigeni simu mapema, mngali na mwanga, mseme namba ya daraja mliyopita mwisho, imeandikwa kwenye kibao darajani. Boti za kukodi haziruhusiwi kutembea usiku, na bima haiwalindi. Kampuni ikiwaambia muegeshe mlipo, egesheni mahali panapofikika kwa barabara. Atakuja mtu kuipokea, na huenda mkatozwa faini ya kuchelewa.